Miguu ya Bata Ikifurahi

Kuna watu wakifurahi hucheka, wengine hulia, na wengine humpigia simu kila mtu waliyesoma naye. Mtoto wa kaka yangu akifurahi, huruka. Yuko hivyo tangu utotoni. Ukimwambia leo kuna nyama, anaruka. Mgeni akibisha hodi, anaruka kabla hajajua ni nani. Siku moja aliruka mpaka akagonga kichwa kwenye kabati, kumbe aliyebisha ni msoma mita ya maji. Sasa niambieni, jamani: mtu wa namna hiyo, katika michezo yote iliyopo duniani, ndiye wa kwenda kuchagua mchezo ambao kuruka ni dhambi?

Mchezo wenyewe ni kutembea. Ndiyo, kutembea, na msicheke, mimi nilishacheka kwa niaba yenu wote. Unaitwa matembezi ya kasi. Sheria zake ni mbili tu na zote zina roho mbaya: mguu mmoja lazima uwe chini muda wote, na goti la mguu unaotua lazima linyooke. Waamuzi wanasimama kando ya barabara na vibao vya manjano vyenye mpini, mfano wa mwiko, wanakuonya navyo. Mwamuzi akiona miguu yote miwili imeachana na ardhi, anaandika kadi nyekundu, na namba yako inabandikwa ubaoni watu wote waione. Kadi tatu za waamuzi watatu, unatolewa. Hata kama umebakiza hatua mbili. Hata kama baba yako ni waziri.

Na ili uende kasi bila kukimbia, kiuno lazima kifanye kazi ambayo kwa kawaida hufanywa harusini. Mtaa ulipomwona mara ya kwanza akipita hivyo alfajiri, ulimpa jina kabla hajafika kona: Bata. Mwenyewe alilipokea bila kinyongo. Alisema hajawahi kuona bata aliyechelewa kufika majini.

Mimi nina saluni. Viti vitatu, mashine mbili za kukaushia nywele, moja inakausha na nyingine inapiga kelele tu, na televisheni juu ya kabati la taulo. Upande wa pili wa barabara, mlango kwa mlango, ni karakana ya kaka yangu, fundi wa kuchomelea mageti na madirisha. Kati yetu ipo barabara na maneno yangu. Yeye hana maneno. Mama yetu alipotuzaa, ya watu wawili alinipa mimi peke yangu.

Binti yake huyu alimpa jina la marehemu mama yetu, kwa hiyo tangu yuko kwenye nepi alikuwa anamwita "Mama". Mama umekula? Mama, niletee koleo. Lilikuwa ndilo neno lake refu kuliko yote, kwa jinsi alivyolivuta. Halafu Bata akapata kazi ofisi ya maji, kiti cha kuzunguka, feni, na jina lake mlangoni. Kaka alitembea mtaa mzima bila kusema kitu, lakini kifua kilimtangulia. Miaka miwili kabla ya haya ninayosimulia, binti akaiacha kazi ile apate nafasi ya mazoezi.

"Ya kukaa umeiacha," kaka alimwambia, "umefuata ya kutembea."

Tangu siku hiyo akawa anamwita kwa jina la kwenye vyeti, kama karani. Neno "Mama" likaisha pale nyumbani. Bata hakulalamika, lakini mimi ndiye niliyekuwa namsuka, na mtu unayemsuka hawezi kukuficha shingo yake. Kila baba yake alipomwita kwa lile jina la vyeti, shingo ilikazana.

Basi mwaka ninaousimulia ulianza vizuri. Bata alichaguliwa kushiriki mzunguko wa dunia, mashindano yanayohama nchi hadi nchi, kuanzia majira ya baridi ya watu mpaka mwisho wa mwaka. Ya kwanza tuliyatazama pale saluni. Loo, baridi ya nchi ile! Pumzi zilikuwa zinawatoka kama birika, na mwanangu kavaa glavu na kile kibukta. Mpaka kilomita za mwisho alikuwa wa sita. Wa sita wa dunia, nywele nilizosuka mimi! Nikaanza kuwaonyesha wateja mistari.

Hapo ndipo mtu mmoja wa kwetu aliyekuwa amesimama kando ya barabara kule, Mungu amsamehe, alipoachia kigelegele. Kimoja tu, kirefu. Tulikisikia mpaka kwenye televisheni. Uso wa Bata ukafunguka, meno yote nje, na miguu ikaenda juu. Hatua tatu, nne, kama mtoto aliyeambiwa leo kuna nyama. Kadi zikatimia tatu, na mzee mmoja mwenye koti la heshima, mkuu wa waamuzi, akamsimamisha, akamwonyesha kibao chekundu. Ametolewa.

Katikati ya mwaka, nchi nyingine, joto kali. Safari hii kocha wake alihakikisha hakuna mtu wetu hata mmoja kwenye umati. Bata alikuwa wa tatu, utepe anauona. Kumbe juu ya utepe wameweka skrini kubwa kama nyumba. Akainua macho, akajiona mwenyewe, wa tatu, mkubwa kuliko gari. Akafurahi. Sihitaji kuendelea, mnajua alichofanya.

Wateja walilia na rola kichwani. Mimi nilizima televisheni kwa ufagio.

Barua ya chama cha riadha haikukawia. Kocha alikuja kutueleza, kijana mpole mwenye kofia asiyoivua hata ndani. Alisema mwaka ujao ni mashindano ya ubingwa wa dunia na nafasi ya mwanamke wa matembezi ni moja. Ameshatolewa mara mbili. Yamebaki mashindano ya mwisho wa mwaka. Akimaliza bila kutolewa, nafasi ni yake. Akitolewa mara ya tatu, anapewa mwingine, na kwa umri wake hakuna atakayemwita tena.

"Na hayo ya mwisho yako wapi?" niliuliza.

"Hapa," alisema kocha. "Mji wetu. Na barabara waliyoichagua ndiyo hii."

Bata aliruka. Kocha akafumba macho.

Haki ya Mungu, ile barabara tuliyoililia miaka, mashimo ambayo watoto walikuwa wanayapa majina, ilimwagwa lami kabla mwezi haujaisha. Kwa ajili ya watu ambao hata hawakimbii! Wakachora mistari, wakaweka vizuizi vya chuma. Njia yenyewe ni mzunguko mmoja wa kilomita unaorudiwa mara ishirini, na kila mzunguko unapita kati ya saluni yangu na karakana ya kaka. Mstari wa kumalizia uko baada ya kona ya mbele.

Kocha akaitisha mkutano wa mtaa pale saluni. Amri yake ilikuwa moja: kimya. Siku ya mashindano, hakuna kushangilia. Hakuna kigelegele, hakuna kofi, hakuna kumwita. Alipofika kwenye vigelegele alinitazama mimi.

"Mbona unanitazama?" nilimuuliza.

"Sikutazami, Shangazi."

"Unanitazama. Kwani mimi ndiye niliyekuwa kule kwenye baridi?"

"Sauti ya Shangazi tunaijua," akasema jirani yangu mshonaji, mwanamke mmoja ambaye cherehani yake ina adabu kuliko yeye. "Akipiga kigelegele hapa, mbwa wa mtaa wa pili wanaamka."

Tulifanya jaribio. Mtaa mzima ulijipanga pande zote mbili, mikono mbele, midomo imefungwa. Mimi nilijikaza kisabuni, mate nikayameza. Bata akatokea kwenye kona, kiuno kinaenda, viwiko vinaenda, akatukuta tumesimama vile. Akapunguza mwendo. Akamtazama mshonaji, akanitazama mimi, na nadhani mashavu yangu yalikuwa yamevimba kama nimeficha ndimu. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka miguu yote ikawa hewani, tena papo hapo, bila hata kusonga mbele.

"Shangazi, hapana," alisema alipopata pumzi, ameshika nguzo. "Ni kama napita msibani kwangu mwenyewe. Siwezi."

"Basi tufanyeje?" kocha aliuliza, na alikuwa anauliza kweli.

Bata akafikiri. "Kigelegele kinanirusha kwa sababu nakisikia mara chache. Nipigieni kila siku. Nipigieni mpaka nichoke."

Kocha alivua kofia. Ndipo tulipojua ana upara. Akasema, "Shangazi, unaweza kupiga mara ngapi kwa siku?"

"Wewe lete miguu," nilimwambia. "Sauti niachie mimi."

Jamani, mtaa wetu haujawahi kuwa na raha kama miezi ile! Bata akitoka kununua sabuni, vigelegele. Akimwaga taka, vigelegele. Akipita kwenye mazoezi alfajiri, wanawake wanatoka na kanga za kulalia, kijiko mkononi, vigelegele, kisha wanarudi kwenye chai. Wateja wangu walijifunza kupiga wakiwa wameinama kwenye beseni la kuoshea. Wapita njia walikuwa wanauliza nani anaolewa, tunawajibu hakuna, ameenda dukani. Na kocha alichuchumaa pale kando ya lami, macho kwenye viatu vyake, kila vikiachana na ardhi anapaza sauti: "Chini! Chini, hapohapo chini!"

Wiki za kwanza ilikuwa chini, chini, chini, siku nzima, kama muuza viazi anayetangaza bei. Baadaye ikapungua. Ukafika wakati Bata anapita katikati ya kelele zote zile uso umetulia kabisa, kama mtu anayesikiliza bei ya saruji redioni. Nikampigia kigelegele changu cha harusi, kile cha kushusha bibi harusi kwenye gari. Hakupepesa jicho. Kocha alishangilia, lakini mimi niliudhika kidogo. Kigelegele kile kimewahi kumliza mchungaji.

Kaka yangu naye? Kaka alikuwa anachomelea. Mtaa unapasuka kwa kelele, yeye kainamia geti, kofia ya kuchomelea imemfunika uso mzima, kioo cheusi machoni. Siku moja uvumilivu ulinishinda, nikavuka barabara na kitana mkononi.

"Kaka, mtoto anapita mbele yako kutwa. Huna hata neno?"

"Nachomelea," alijibu kutoka ndani ya kofia.

"Unachomelea nini? Umeme umekatika tangu asubuhi!"

Kofia ilibaki palepale usoni. Nikarudi zangu nikinung'unika, na mteja wangu akaniambia nimemvuta nywele.

Siku ikafika. Walikuja wanawake wa nchi nyingi, wembamba kama sindano, wamevaa miwani myeusi na sura za watu waliokuja kazini. Televisheni yangu niliigeuza itazame nje, mashine ya kukausha inayopiga kelele nikaizima kwa heshima. Ubao wa kadi waliuweka karibu na duka la mshonaji, akajifanya ni wake, anawaelekeza watu pa kusimama. Na mwamuzi mmoja, mwanamama mfupi mwenye kofia pana, alisimama kati ya mlango wangu na wa kaka na kibao chake cha manjano.

Mzunguko wa kwanza tuliachia sauti zote. Wale wageni walishtuka, mmoja akageuka kabisa. Bata akapita katikati yao na uso wa bei ya saruji. Nikasema moyoni, tumeshinda.

Sijui kwa nini mtu husema moyoni mambo kama hayo. Haukupita muda, namba yake ikabandikwa ubaoni. Kadi moja. Kocha alipita anakimbia upande wa pili wa vizuizi, akatuambia ni wakati wa kunyang'anyana maji mezani, mguu uliteleza. Sawa, moja si neno. Tukaendelea kupiga. Akawa wa tisa, akawa wa saba. Alipompita yule wa sita, mbele kule tusikokuona, akaongeza mwendo kupita kiasi, na namba yake ikabandikwa mara ya pili.

Kadi mbili. Mshonaji alishika kichwa. Hakujifanya tena kwamba ubao ni wake.

"Imebaki moja tu anaondoka," alisema mteja wangu mmoja, nusu ya kichwa amesukwa na nusu iko wazi.

"Nyamaza," nilimwambia. "Yaani, usinyamaze. Piga kigelegele!"

Tukapiga. Koo zilikauka, tukanywa maji ya wakimbiaji, samahani, ya watembeaji. Kengele ya mzunguko wa mwisho ikalia. Bata akatokea kwenye kona, wa tano, kiuno bado kinaenda ingawa midomo imepauka. Mtaa ulinguruma. Uso wake, saruji. Nikatazama viatu tu, kisigino, kidole, kisigino, kidole, vinabusu lami kimoja baada ya kingine. Yule mwamuzi mfupi aliinama, naye anavitazama.

Hapo ndipo nikasikia kitu kikianguka upande wa pili. Ilikuwa kofia ya kuchomelea. Kaka yangu alikuwa amesimama juu ya kopo la rangi lililopinduliwa, uso wazi, una jasho na mstari wa masizi, na mdomo umefunguka.

"Mamaa!"

Loo! Miezi yote tulimzoesha vigelegele, tulimzoesha makofi, sufuria, filimbi, na hicho kimoja hakuna aliyekumbuka kumzoesha, kwa sababu hakuna aliyekitegemea. Ndugu yangu! Miaka miwili umenyamaza, ukachagua leo? Nilishika taulo nivuke nikamzibe, na chuma cha kizuizi kikanikamata gauni.

Bata alisikia. Niliona uso wa saruji ukipasuka vipande. Macho yalimjaa, meno yakatoka nje, mabega yakapanda, na nilijua kinachofuata, ninakijua tangu akiwa na meno mawili. Yule mwamuzi aliinama zaidi, kibao chake kiko nusu hewani.

"Chini, mama!" kaka akapaza sauti. "Chini! Hapohapo chini!"

Maneno ya kocha. Neno kwa neno, na kwa mdundo uleule. Alikuwa anayasikia yote, mwanamume yule, siku zote zile, ndani ya ile kofia. Na hakuacha. "Chini, mama, usiruke, chini, mama yangu, twende!" Akawa anashuka na kupanda juu ya kopo lake, anakanyaga mguu mmoja mmoja, anamwonyesha.

Na Bata akabaki chini. Analia, anacheka, kamasi zinamtoka mbele ya dunia nzima, na viatu viko chini, kisigino, kidole, kama vimegandishwa. Mwamuzi akamfuata kwa macho mpaka alipomaliza kupita. Kisha akashusha kibao polepole, akajifuta jasho.

Bata akapotea kwenye kona ya mbele, na sisi wote tukageukia televisheni. Lakini televisheni inachelewa kidogo, kwa hiyo tulisikia mngurumo wa nje kabla hatujaona kitu, tukashikana mikono bila kujua ni mngurumo wa nini. Halafu akaonekana. Akaukata mstari, wa tano, mikono imening'inia. Tukageuka kutazama ubao. Mshonaji alikuwa ameukumbatia, anahesabu kwa kidole mstari wa namba yake, moja, mbili, basi. Hakuna ya tatu.

Sikumbuki nilichofanya. Wanasema nilimbusu mshonaji. Mimi nakanusha.

Ninachokumbuka ni kwamba tulipotazama tena televisheni, Bata hakuwepo. Walikuwa wanamtafuta na chupa za maji na blanketi. Kisha mtaa ukaanza kupiga kelele kutokea upande wa kona, nikatoka nje, nikamwona anarudi. Anakimbia! Miaka yote ile sikuwahi kuona miguu ile ikikimbia. Ilikuwa mibaya, magoti yanaenda huku na huku, amechoka hoi, lakini ni mbio. Alipompita yule mwamuzi mfupi, mwanamama akainua kibao chake cha manjano juu, anacheka mpaka kofia inamwanguka.

Kaka alikuwa amekwishashuka kwenye kopo. Alisimama katikati ya lami mpya na aproni yake yenye matundu ya cheche, hajui mikono aiweke wapi. Bata alisimama mbele yake, anahema. Wakatazamana. Nilifikiri maneno yamemwishia, maana kwa siku moja alikuwa ametumia akiba ya mwaka.

"Haya, mama," alisema. "Sasa ruka."

Akaruka. Kwa miguu ile iliyokwisha, hakupanda hata urefu wa kiganja, akamwangukia kifuani, na kaka akamdaka. Akamnyanyua, akaruka naye yeye mwenyewe, mzee mzima, na mabuti ya chuma.

Mimi nikavuta pumzi nipige kigelegele cha maisha yangu, na sauti haikutoka. Ilikuwa imeisha yote. Nikabaki mdomo wazi, nalia, mpaka yule mteja wa nusu kichwa akanishika mkono, akapiga kwa niaba yangu.